Kupiga Mbizi Mahali pa Ajabu: Maswali ya Wakazi wa Nairobi na Majibu Yake

Majibu haya ni ya mtu anayeishi Nairobi, ambaye ameona picha za mapango ya Mexico au maji ya Iceland na sasa anajiuliza kama naye anaweza kufika huko. Anaweza. Ila sisi tunaokaa bara, kwenye mwinuko, tuna mambo ambayo mafunzo yaliyotungwa kwa watu wa pwani huyapitia haraka haraka. Hayo ndiyo niliyoyapa nafasi kubwa.

Nairobi haina bahari. Kweli naweza kujifunza nikiwa hapa?

Ndiyo. Kozi ya kwanza, ambayo mashirika kama PADI na SSI huiita Open Water, ina sehemu tatu: masomo, bwawa na bahari. Masomo unayasoma kwenye simu jioni ukitoka kazini. Mazoezi ya bwawani unaweza kuyafanya hapa jijini na mkufunzi mwenye leseni. Kinachobaki ni mbizi nne za baharini, na hizo unaweza kuzimalizia Diani au Watamu, mkufunzi wako wa Nairobi akikukabidhi kwa mwenzake wa huko kwa maandishi.

Mimi napendelea njia hii kuliko kubanana na kozi nzima ndani ya siku chache za likizo. Bwawani unarudia zoezi bila presha. Unaachia miwani ya kuzamia ijae maji, unaitoa yote, unaivaa tena na kuitoa maji kwa pumzi ya puani, umepiga magoti kwenye mita mbili tu. Aliyelirudia zoezi hilo hadi likamchosha hatashtuka siku wimbi litakapompiga usoni kule Shimoni.

Lazima niwe mwogeleaji hodari?

Si hodari, lakini lazima ujue kuogelea. Utatakiwa kuogelea mita 200 bila kusimama, kwa mwendo wako, kisha kuelea dakika kumi. Kama hujafika hapo, tafuta mwalimu wa kuogelea kwanza. Mkufunzi anayekwambia "hilo tutaliona baadaye" mwache, utafute mwingine.

Nina pumu. Na masikio yangu huniuma hata nikishuka Mai Mahiu.

Kabla ya kozi utajaza fomu ya afya. Pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo na upasuaji wa kifua ni mambo ya kupeleka kwa daktari, akuandikie kama unaweza kuzamia au la. Aliyewahi kupata tatizo la pafu kuporomoka lenyewe kwa kawaida hukatazwa kabisa. Mjamzito asubiri hadi ajifungue. Tafadhali usifiche kitu kwenye fomu hiyo. Ukiwa mita 10 chini, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, na hewa uliyoivuta hapo itatanuka mara mbili ukifika juu. Pafu lililoziba mahali haliwezi kuitoa hewa hiyo. Ndiyo maana sheria ya kwanza katika mchezo huu ni kutozuia pumzi hata mara moja.

Masikio ni jambo jingine. Anayeumia akishuka Mai Mahiu mara nyingi hajazoea kusawazisha hewa. Unabana pua, unapuliza taratibu, na unafanya hivyo kila mita moja au chini ya hapo, kabla maumivu hayajaanza. Yakianza, panda kidogo kisha ujaribu tena. Ukiwa na mafua, baki kwenye boti.

Nikimaliza kupiga mbizi Diani naweza kupanda treni jioni hiyo hiyo kurudi Nairobi?

Hapana. Natamani kila mzamiaji wa Nairobi angeliuliza swali hili, kwa sababu wengi wanadhani tahadhari ni ya ndege peke yake.

Ukiwa chini ya maji unapumua hewa yenye shinikizo kubwa, na nitrojeni iliyomo inaingia kwenye damu na mafuta ya mwili. Kadiri unavyoshuka na kukaa, ndivyo inavyozidi. Ukipanda taratibu, nyingi inatoka kwa pumzi bila madhara. Lakini hata ukiwa umekaa ufukweni unakunywa dafu, bado kuna iliyobaki, nayo inahitaji saa nyingi kuisha. Ukiwahi kupanda mahali ambapo shinikizo la hewa ni dogo, inageuka mapovu ndani ya mwili, kama soda inayofunguliwa ghafla. Mapovu yakikaa kwenye viungo, viungo vinauma. Yakikaa kwenye uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza.

Ndege ya abiria ikiwa angani, hewa ya ndani huwa sawa na ya mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi. Nairobi iko karibu mita 1,700, na Limuru inapita 2,200. Kwa hiyo anayerudi nyumbani kwa SGR, kwa basi la usiku au kwa gari lake anapanda vilevile, na tofauti na abiria wa ndege, yeye akifika anabaki huko juu. Mwongozo wa shirika la usalama wa wazamiaji, DAN, unahusu mwinuko wowote kati ya mita 600 na 2,400, na treni huanza kuingia eneo hilo karibu na Voi, mapema kabisa katika safari.

Mwongozo wenyewe unasema hivi: baada ya mbizi moja ya kawaida, subiri angalau saa 12, baada ya mbizi kadhaa au za siku mfululizo, angalau saa 18, na kama mbizi ilidai kusimama njiani kwa lazima ili kupunguza nitrojeni, zaidi ya hapo sana. Mimi hushauri saa 24 kwa kila mtu, kila safari. Panga hivi: mbizi ya mwisho Jumamosi, uwe umetoka majini saa sita mchana. Jumapili asubuhi tembea, kula, nenda sokoni Kongowea, kisha mchana ukishapita upande treni ya jioni au basi la usiku. Mwajiri wako anakupata Jumatatu asubuhi ukiwa mzima.

Na hili ni muhimu kuliko yote: ukipata ganzi, maumivu ya viungo, kizunguzungu, ngozi kuwasha au uchovu usioeleweka baada ya kuzamia, usikimbilie hospitali ya Nairobi. Kupanda mlima kutakuongezea madhara. Baki usawa wa bahari, upewe oksijeni safi, na mwenye boti apige simu ya dharura. Ndiyo maana, kabla ya kulipa, unauliza kama boti ina oksijeni na chumba cha shinikizo kilicho karibu kiko wapi. Kituo makini hakikasirikii swali hilo.

Na nikitoka Nairobi kushuka pwani, kuna kusubiri?

Hakuna. Shuka leo, uzamie kesho. Hata aliyetoka kupanda Mlima Kenya hana shida upande huo. Shida ni kuzamia kisha kupanda Lenana.

Kabla ya kwenda ng'ambo, nianzie wapi hapa nyumbani?

Anza Kisite. Boti inatoka Shimoni asubuhi na kupita mbele ya kisiwa cha Wasini, na mara nyingi pomboo hutokea njiani. Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti iko chini ya KWS, na ada yake hulipwa kupitia eCitizen, basi maliza malipo kabla hujafika mahali mtandao unaposuasua.

Kule chini usiwe na haraka. Chagua mwamba mmoja, tulia. Utamwona mkunga, samaki mrefu kama nyoka, amechomoza kichwa kwenye tundu, mdomo wazi, ukadhani anakutisha. Sogea taratibu uangalie vizuri: kamba wadogo, wembamba kama uzi, wanatembea ndani ya kinywa chake wakimtoa masazo kwenye meno, na yeye ametulia kabisa. Pembeni, lile ulilodhani ni jiwe la kahawia linabadilika rangi, linakuwa na madoa, kisha mkono mmoja wa pweza unanyooka na kuvuta kokoto kuziba mlango wake. Dakika 10 za kutazama hivyo zinafaa kuliko nusu saa ya kumkimbilia kasa.

Ukishazoea, nenda Watamu. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika, na samaki wa humo wamekua bila kuvuliwa miaka yote hiyo. Kwenye mlango wa mkondo wa Mida kuna mapango ya Tewa, makazi ya chewa wakubwa. Huko huzamii ovyo. Unangoja maji yasimame kati ya kujaa na kupwa, maana mkondo ukianza kukimbia hakuna mapezi yatakayoushinda.

Mbele ya Mombasa imelala MV Dania, meli iliyokuwa ikisafirisha ng'ombe, ikazamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makazi ya samaki. Sehemu zake za chini ziko karibu mita 30, kwa hiyo uwe na cheti cha pili, kile kinachofuata Open Water, na usiingie ndani ya meli bila mafunzo ya kuingia ndani ya meli.

Bandari ya Mombasa ina meli nyingine ya kale zaidi, lakini hiyo si ya kutalii. Santo António de Tanná ilikuwa manowari ya Wareno, ikazama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Wanaakiolojia waliichimba chini ya maji miaka ya 1970, na vitu walivyovitoa viko kwenye jumba la makumbusho la Fort Jesus. Ile Jumapili yako ya kusubiri nitrojeni itoke, nenda ukavitazame.

Msimu gani maji huwa safi?

Kaskazi, hasa Januari hadi Machi: bahari shwari na unaona mbali. Matlai, Oktoba na Novemba, nayo ni nzuri. Kusi ikivuma bahari huchafuka, na kuanzia Aprili hadi Juni vituo vingi hupunguza kazi au hufunga. Tazama pia mwezi. Siku za bamvua maji yanakimbia kwa nguvu. Maji mafu yanamfaa zaidi anayeanza.

Upande wa Malindi una jambo lake, nalo linatuhusu sisi wa Nairobi moja kwa moja. Mto Nairobi unaingia Athi. Athi unakutana na Tsavo na kuwa Galana, Galana unaitwa Sabaki, na Sabaki unamwaga baharini kati ya Malindi na Mambrui. Mvua ikinyesha kwenye mashamba ya juu, udongo wetu unafika kule na kuifanya bahari kuwa ya kahawia. Kaskazi hulisukuma tope hilo kusini kuelekea matumbawe ya Malindi. Kusi hulipeleka kaskazini. Matumbawe yanahitaji mwanga, na tope likiyafunika yanakufa. Haya yanakuja juu ya joto la bahari, ambalo mwaka 1998 liliyafanya matumbawe ya pwani yote kupauka, mengi yakafa. Kila ninapovuka daraja la Mto Nairobi nikaona mtu anatupa mfuko wa taka majini, namfikiria yule mkunga.

Wapi nitamwona papa shilingi?

Kisiwa cha Mafia, Tanzania, upande wa Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi. Mara nyingi hutumii mtungi wa hewa. Unaogelea juu na miwani na mrija. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni vijidudu anavyochuja majini. Usimguse, usikae mbele yake, na boti isimzuie njia. Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania.

Silfra ni nini, na kwa nini kila mtu anaizungumzia?

Ni ufa ndani ya hifadhi ya Þingvellir, Iceland, mahali ambapo mabamba mawili ya gamba la dunia, la Amerika ya Kaskazini na lile la Ulaya na Asia, yanaachana kwa takriban sentimita 2 kila mwaka. Maji yake yametoka kwenye barafu ya Langjökull na kuchujwa miaka mingi ndani ya miamba ya volkano, ndiyo maana unaweza kuona zaidi ya mita 100 mbele yako. Huwezi kuamini kina kwa macho. Kitu unachodhani utakigusa kwa mkono kiko mbali.

Maji hayo yana nyuzi 2 hadi 4 mwaka mzima. Suti ya mpira ya Diani haifai kitu. Unavaa suti kavu, ambayo chini yake una nguo nzito kama za Juja usiku wa Julai, mara kadhaa. Midomo pekee ndiyo inabaki wazi, nayo inakufa ganzi. Waongozaji wanadai cheti cha suti kavu au ushahidi kwamba umeshaitumia, na kwa kuwa bahari yetu yenye nyuzi 27 haina haja nayo, utajifunzia nje. Kina cha kuzamia hakizidi mita 18. Kama huna cheti, unaruhusiwa kuelea juu na mrija, ukiwa na suti hiyo hiyo, na ufa unauona vizuri tu. Viza ni ya Schengen. Anza kuitafuta mapema.

Na yale mapango ya Mexico?

Huko Yucatán ardhi ni ya chokaa, na maji ya mvua yameitoboa hadi paa za mapango zikaanguka na kuacha visima vikubwa vya wazi. Vinaitwa senote, na Wamaya wa kale waliviheshimu kama mahali patakatifu. Nyakati za barafu, bahari ilipokuwa chini, mapango hayo yalikuwa makavu. Ndiyo maana leo unaelea katikati ya nguzo za mawe zilizojengwa na matone. Mwaka 2018 wazamiaji walithibitisha kwamba mifumo miwili ya Sac Actun na Dos Ojos imeungana, jumla kama kilomita 347 za njia za chini ya maji. Ndani ya shimo la Hoyo Negro walikuta mwaka 2007 mifupa ya msichana aliyeishi zaidi ya miaka 12,000 iliyopita.

Kitu kinachowashangaza wengi ni pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi yaliyoko chini. Unashuka kwenye maji angavu, mara mbele yako picha yote inatetemeka na kufifia, unadhani miwani imeharibika. Unashuka nusu mita zaidi, na kila kitu kinarudi kuwa wazi. Kwenye senote ya Angelita, karibu mita 30, kuna wingu la haidrojeni salfaidi lililotanda kama ukungu, matawi ya miti yakichomoza juu yake.

Mwenye cheti cha kawaida anaruhusiwa sehemu za mlangoni tu, pale mwanga wa mchana bado unaonekana, akiwa na kiongozi na kamba isiyokatika hadi nje. Hewa inagawanywa mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiyoguswa. Kiongozi akikuambia "twende kidogo tu ndani", kataa. Pangoni huwezi kupanda juu ukipata tatizo. Juu kuna jiwe.

Shimo la buluu la Belize linafaa safari yote hiyo?

Kwa mzamiaji mpya, kwa maoni yangu, halifai. Lina upana wa mita 300 na kina cha karibu 125, na Jacques Cousteau alilipa umaarufu mwaka 1971. Lakini nguzo za mawe ambazo watu huzifuata ziko karibu mita 40, ambao ndio mwisho wa kuzamia kwa burudani. Huko nitrojeni inalevya, unakaa dakika chache, na samaki ni wachache. Uzuri wake unaonekana zaidi kutoka angani.

Shimo la Dahab, Misri, ni hatari zaidi kwa sababu ni rahisi kufika: unatembea kutoka ufukweni. Tao lake liko karibu mita 55, na mawe ya kumbukumbu ya waliofia humo yamepangwa ukutani hapo nje. Zunguka matumbawe ya juu, ni mazuri sana, na tao uwaachie wenye mafunzo yake.

Ziwa la konyeza (jellyfish) la Palau, kule Pasifiki?

Mitungi imekatazwa. Chini ya mita 15 hivi kuna tabaka la maji lenye sumu, na mapovu yanawadhuru konyeza. Utaogelea juu na mrija.

Kwa nini tusizamie Naivasha, au Ziwa Chala?

Naivasha kuna viboko na maji ni ya tope. Chala, kule mpakani karibu na Taveta, ni ziwa zuri mno la kreta, lakini lina historia ya mamba kuua mtu, kwa hiyo mimi siingii. Ukitaka maji matamu, nenda Ziwa Malawi upande wa Cape Maclear, penye samaki wa rangi wasiopatikana kwingine. Kumbuka mambo mawili: ziwa liko zaidi ya mita 450 juu ya bahari, hivyo kompyuta ya mkononi, ile saa ya mzamiaji inayopima kina na muda, lazima ijue mwinuko, na kuna kichocho, basi ukirudi zungumza na daktari kuhusu dawa.

Naruhusiwa kuokota kombe, au kuwapa samaki mkate?

Hapana kwa yote mawili. Ndani ya hifadhi kuokota kombe au tumbawe ni kosa la kisheria. Mkate unawafanya samaki wamsubiri mtalii na kuacha mwani, na mwani usipoliwa unayafunika matumbawe. Nahodha akirusha mkate ili upate picha, mwambie kwa heshima, "Kaka, tafadhali usiwarushie." Nimeona wakisikia.

Ninunue vifaa gani kwanza?

Miwani ya kuzamia inayokaa vizuri usoni mwako. Iweke bila mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua. Ikibaki imeganda, inakufaa. Anayevaa miwani ya macho anaweza kuwekewa lenzi zake. Halafu kompyuta ya mkononi, yenye mpangilio wa mwinuko, kwa sababu ndiyo itakayokuhesabia saa za kusubiri kabla ya kurudi Nairobi. Mapezi yaje ya tatu. Regulata (kifaa cha kupumulia) na jaketi la kuelea kodi kwanza, na siku utakapotaka kununua, ulizia fundi wa kuzihudumia kila mwaka kabla ya kuulizia bei.